Jenerali Mlangoni kwa Bibi Zuwena

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu kwa ndimi mbalimbali kisha akawajaalia waelewane. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho ambayo bado yananisomea, na kwa riziki niliyoila miaka mingi kwa kazi ya kusema maneno ya watu wengine. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Vijana wa ofisi ya tarjuma, mliponifanyia karamu ya kuniaga mliniomba niandike yale niliyoyaona kazini. Mkataka niandike kwa Kiswahili, kwani wengi wenu wazee wenu ni watu wa Unguja na Pemba, na mkasema mnataka kusoma Kiswahili kisichokuwa cha kwenye simu. Nimekubali, na anayeshindwa na neno amwulize bibi yake. Sitaandika nani alipanda cheo lini, wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Cheo nimekirudisha na mshahara nimeshaula. Nitaandika juu ya mtu niliyemkalimania kuliko wote, Mwingereza aliyekuja nchi hii akiwa kapteni akaondoka akiwa jenerali, na juu ya jambo moja lililomfunga na nyumba moja ya Birkat al Mauz. Jina lake silitaji, maana watoto wake wapo na sikuwaomba ruhusa.

Nilianza kazi Sur, mkalimani wa jeshi. Nilikuwa kijana, nimerudi na wazazi wangu kutoka Unguja. Kiingereza nilikisoma skuli na Kiarabu nilikisoma chuoni kwa maalim wa Kurani, na nikidhani nakijua. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya askari nikasema niliyotumwa kusema. Askari mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwuliza mwenzake kama mimi ni imamu mpya.

Aliyenifunza kazi ni Maalim Khalfan, Mungu amrehemu. Alikuwa mkalimani wa mahakama huko Unguja, na ilisemekana akiwasahihisha mahakimu. Kitu cha kwanza alichonikagua hakikuwa Kiarabu changu. Alinitazama miguu. Nilikuwa nimevaa buti za jeshi, kamba mpaka juu ya kifundo, najiona mwanajeshi kamili. Akaniambia nikazivue nikatafute makubadhi. Afisa akichelewa kuvua buti mlangoni mwa watu, alisema, wenyeji humngoja. Mkalimani hangojwi na mtu, na akichelewa atakuta mambo yameshaharibika. Tangu siku ile sijavaa kiatu cha kamba, hata kwenye harusi ya binti yangu.

Cha pili alinifunza niketi nusu hatua nyuma ya mkubwa wangu, upande wa kushoto, nisionekane bali nisikike. Cha tatu kilinishinda muda mrefu. Mkubwa akisema "mimi", nami niseme "mimi". Nisiseme "kapteni anasema hivi na hivi". Ukisema "anasema", alinieleza, umeshajiweka mbali na maneno, na watu wakikuona umejiweka mbali watafikiri ni uongo. Mimi sikupenda. Nilikuwa naona aibu kusema "mimi" juu ya mambo ya mtu mwingine. Baadaye mtaona kwa nini nasema kuwa hili ndilo somo lililonigharimu zaidi, na ndilo ninalomshukuru Maalim zaidi.

Kapteni wetu alikuwa mwembamba, shingo nyekundu kwa jua, na macho hayatoki kwenye saa ya mkononi. Askari walimwita Abu Saa, yaani baba wa saa, na alipoambiwa maana yake alifurahi, akadhani anasifiwa. Asubuhi ya kwanza aliwakemea watu kwa kuchelewa gwaride, nami nikakemea kama yeye, kwa sauti na mikono. Kundi zima likaangua kicheko. Maalim Khalfan alinivuta pembeni akaniambia nitafsiri maneno, hasira nimwachie mwenyewe, watu wanaiona usoni mwake bila ya msaada wangu.

Hakuwa mtu mbaya, Abu Saa. Alikuwa na haraka tu. Aliniomba nimfundishe salamu za hapa, kisha akaniuliza huwa zinachukua muda gani. Nikamwambia inategemea mtu ana jamaa wangapi walio hai. Alijifunza, lakini. Jeshi lao lilikuwa limempeleka mahali akafundishwa desturi, na alifundishika vizuri: kula tende kwa mkono wa kulia, kupokea kikombe cha kahawa, kunywa, kupokea tena, na kukitikisa kidogo akishatosheka ili mwenye dele la kahawa asimjazie. Katika kahawa hakuwa na kosa hata moja. Kumbukeni hilo.

Kutoka Sur tulihamishiwa Ibra. Kesi za Ibra zilikuwa za ngamia. Ngamia hajui mpaka wa uwanja wa shabaha, na kila mwenye ngamia aliyekufa alikuja kuapa kuwa mnyama wake alikuwa bora wa kabila zima na ana mimba. Tulilipa fidia ya mimba nyingi sana. Mzee mmoja alileta dai la ngamia mwenye mimba, na tulipoonyeshwa mzoga ulikuwa wa dume. Nilitafsiri kama lilivyo, bila kucheka, na Abu Saa alimtazama mzee muda mrefu, kisha akasema tumlipe, kwa sababu ameondoka nyumbani alfajiri kuja kusema uongo huo na kurudi mikono mitupu itakuwa taabu juu ya taabu. Hapo nikaanza kumpenda.

Akaenda kwao, akarudi baada ya muda akiwa kanali, akapewa kikosi cha Nizwa, akaniomba mimi. Na hapo ndipo pana habari yangu.

Njia ya kushuka Jabal Akhdar wakati ule ilikuwa ya changarawe. Lori likishuka halitegemei breki. Linategemea gia ya kwanza na subira ya dereva. Madereva walikuwa na desturi yao. Katikati ya mteremko pana kiwanja kidogo kando ya njia, na hapo husimama, huteremka, hunywa chai, na hungoja mpaka magurudumu yaache kunuka moto. Hakuna aliyeandika amri hiyo. Walipokezana tu. Siku ile Liwali wa Nizwa alikuwa na wageni, na kanali alitakiwa afike. Tulikuwa gari la nyuma, mimi na yeye. Lori la mbele lilikuwa likiendeshwa na Hamdan, kijana wa Sur, mtaratibu sana. Tulipokaribia kile kiwanja Hamdan aliita kwa redio kuomba kusimama, breki zimeanza kunuka. Nikatafsiri. Kanali akatazama saa, akasema waendelee. Nikatafsiri na hilo.

Chini kabisa, pale mlima unapoachia na mashamba ya ndizi na mitende yanapoanza, lori lilikataa kusimama. Kijana mmoja wa Birkat al Mauz, Yahya bin Zahran, alikuwa akivuka njia na mzigo wa majani ya mbuzi begani.

Mimi nilitumwa mbio kijijini kuita watu na kutafuta daktari. Niliporudi na watu, Yahya alikuwa ameshafunikwa.

Mbele ya kadhi Hamdan hakuitaja redio. Aliulizwa nani alikuwa akiendesha, akasema ni yeye, usukani ulikuwa mikononi mwake. Akafungwa Nizwa. Alikuwa na mama mjane huko Sur, hana mtoto mwingine. Nanyi mnajua sharia yetu: damu ina wenyewe. Warithi wa marehemu wakisamehe, mtu hutoka. Wasiposamehe, hukaa mpaka amalize. Basi njia ya Hamdan kurudi kwa mama yake ilikuwa moja tu, nayo ilipita nyumbani kwa Zahran, baba wa Yahya.

Makao makuu walimruhusu kanali aende kutoa mkono wa taazia na kumwombea dereva wake. Lakini walimwambia, kwa maneno laini, kwamba habari ya redio haina haja ya kutajwa. Mtu anayetaka kufika mbali hajitwishi kosa ambalo hakuna aliyemtwisha. Nilikuwepo, ingawa hapakuwa na kitu cha kutafsiri, na nilitamani pasiwe na cha kusikia vilevile.

Tulikwenda. Mzee Zahran alitupokea kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa, akiwa na ndugu zake. Zikaulizwa habari, tukajibu hakuna habari, kama ilivyo desturi hata siku nyumba inapoungua. Ikaletwa kahawa. Na kanali wangu, aliyefundishwa kahawa akafundishika, akapokea kikombe kwa mkono wa kulia akaanza kukinyanyua.

Nikakohoa. Hakusikia. Nikakohoa tena kwa nguvu, naye, kwa huruma, akanisogezea tende. Akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, akanywa na cha tatu, akakitikisa vizuri kabisa, akarudisha. Kisha akasema ana ombi.

Wageni wa desturi za hapa hujifunza namna ya kunywa. Hakuna anayewafundisha wakati wa kutokunywa. Mtu aliyekuja na haja nzito hukiacha kikombe mbele yake bila kukigusa, mpaka mwenye nyumba amwulize kulikoni. Akishakunywa, ameridhika, hana neno tena. Mzee Zahran alilisikiliza ombi, hakujibu, akainuka akatushukuru kwa kuja. Mlangoni ndugu yake alinishika mkono akaniambia taratibu kwamba bwana wangu ameshakunywa, haja gani tena.

Ndani ya gari kanali aliniuliza amekosea wapi, nikamweleza. Tukauona mnara wa ngome ya Nizwa. Kisha akauliza, akirudi na akakiacha kikombe, na akaulizwa haja yake, aseme nini. Nikamwambia aseme haja yake. Akauliza, yote? Nikamjibu kuwa mimi ni mkalimani, si mufti. Lakini alikuwa ameuliza kwa dhati, nami nina deni la kujibu mtu anayeuliza hivyo. Nikamwambia kuwa akimwombea Hamdan msamaha bila kujiombea mwenyewe, atakuwa ameomba nusu, na nyumba ile itamjua.

Mara ya pili hakutaka msafara. Tulikwenda wawili. Zikaulizwa habari, ikaletwa kahawa. Kanali alipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, akaweka mikono juu ya magoti. Watu wote waliona. Mvuke ukaisha kikombeni. Mzee Zahran akasema, "Mbona hunywi, kanali?"

"Nina haja."

"Sema haja yako."

Akasema. Na hapa, vijana wangu, ndipo nililipia somo la Maalim Khalfan. Kwa sababu yeye alisema kwa Kiingereza, lugha ambayo hapakuwa na mtu anayeijua, na watu walikuwa wananitazama mimi mdomoni. Ningeweza kusema "kanali anasema". Nikasema, kwa Kiarabu, kwa sauti yangu: "Dereva aliomba kusimama. Aliniambia breki zinaungua. Mimi nilikataa, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwanao ameuawa na amri yangu."

Mpwa mmoja wa Mzee Zahran, kijana mwenye kifua kipana, aliinuka akanitazama mimi. Simlaumu. Maneno yalikuwa yametoka kwangu. Mzee Zahran akamwashiria kwa kidole akae, akakaa. Kisha mzee akamwuliza kanali, "Hamdan alijua haya, akanyamaza mbele ya kadhi?"

"Alijua. Alinyamaza."

 Mzee alikuwa mtu mfupi, ndevu nyeupe, mikono ya mkulima. Akasema kwa fungu lake amemsamehe dereva. "Lakini mimi si mrithi peke yangu. Mama yake Yahya yupo nyuma ya mlango ule. Fungu lake siwezi kulitoa mimi."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo. Ikatoka sauti ya mwanamke ikaniuliza, kwa Kiarabu, mkalimani ni mtu wa wapi. Nikasema watu wangu ni wa Ibra, mimi nimezaliwa Unguja.

"Nimekujua," akasema kwa Kiswahili. "Kiarabu chako cha chuoni hicho. Mimi nimezaliwa Wete."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Basi leo tuseme lugha ninayolilia. Muulize huyo mkubwa wako: Yahya alikufa palepale, au alingoja?"

Nikamwuliza kanali. Akasema alingoja kidogo.

"Alikuwa na nani?"

Mimi sikujua jibu. Nilikuwa nimetumwa mbio kijijini. Kanali alijua. Akasema, nami nikasema kwa Kiswahili: "Hamdan alikaa chini kwenye vumbi, akamweka kichwa mapajani. Wenzake walimwambia aingie garini, watu wa mashambani wanakuja na hasira zao. Hakuinuka. Alikuwa anamwambia maneno, anayarudia yaleyale, na mwanao alikuwa anamfuata kwa midomo."

"Maneno gani?"

Kanali wakati ule hakuwa na Kiarabu cha maana. Lakini alikuwa ameishi miaka katika nchi inayoadhiniwa mara tano kwa siku.

"Yale ya mwisho wa adhana," akasema.

Nikatafsiri, na sikuhitaji kuongeza kitu. Mzee Zahran, aliyekizoea Kiswahili cha mkewe, alichukua ncha ya kilemba chake akajifunika uso.  Nyuma ya mlango mama yake Yahya, ndiye Bibi Zuwena, akasema, "Wamekuja wangapi hapa. Wametuambia kadari, wametuambia subira. Hakuna aliyetuambia kuwa mwanangu aliondoka na shahada, wala nani aliyemtamkisha. Huyo dereva nimemsamehe kwa ajili ya Mungu. Akamwone mama yake."

Nilipomaliza kutafsiri, kanali aligeuka kuelekea mlango ule, akauliza mwenyewe kwa Kiarabu kibovu alichokuwa nacho, "Na mimi?"

"Huyu," Bibi Zuwena akaniambia, "mwambie asiwe na haraka. Haki yangu kwake naiangalia. Lakini anywe kahawa yake. Mgeni hatoki nyumbani kwangu koo kavu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Alikunywa kile kikombe kilichopoa, chote.

Siku Hamdan alipotoka, kanali aliendesha gari mwenyewe kumpeleka Sur. Hamdan alikaa nyuma na mimi nikakaa mbele, na kutoka Nizwa mpaka Ibra, na kutoka Ibra mpaka tulipoiona bahari, hapakuwa na mtu aliyesema neno. Katika maisha yangu yote sikupata kulipwa kwa kazi nyepesi kama ile. Mama yake Hamdan alitoka nje ya mlango akamkamata mwanawe, kisha akamshika kanali kichwa kwa mikono miwili akamwombea dua ndefu. Kanali aliniangalia, nikamwambia ni dua, na akaridhika na tafsiri hiyo. Hamdan aliacha udereva. Ana duka la matairi na vipuri huko Sur mpaka leo, na hakuna mteja anayetoka dukani kwake bila kuhutubiwa juu ya breki.

Habari kwamba redio imetajwa iliwafikia makao makuu, kwa kuwa sabla haina siri. Kanali aliitwa kwao kabla ya muda wake. Nimeahidi kuwa sitaandika vyeo, basi nitasema tu kuwa kwa miaka kadhaa jina lake lilipopaswa kuitwa halikuitwa. Mwenyewe hakupata kunilalamikia. Mungu akamfungulia baadaye, akarudi nchini mara mbili zaidi, na mara ya mwisho alirudi jenerali, ana bendera kwenye gari na kijana wa kumfungulia mlango.

Kila alipokuwa nchini, alikwenda Birkat al Mauz. Gari aliliacha mbali, chini ya nyumba za kale zilizobomoka, akapanda kwa miguu kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, na mimi nyuma yake na makubadhi yangu. Aliketi na Mzee Zahran, na alipofariki Mzee Zahran, Mungu amrehemu, aliketi na mdogo wa marehemu Yahya. Kisha alikwenda kusimama karibu na mlango wa ndani akatoa salamu, na Bibi Zuwena akamwuliza hali ya mkewe na watoto wake kwa majina. Halafu akaanza kumsimulia habari za Yahya. Yahya alivyotumbukia falajini akiwa mdogo akatolewa akiwa ameshika kobe. Yahya alivyokataa kula papa kwa sababu mama yake alimwambia Pemba wanakula, na yeye hataki kuitwa mtu wa pwani. Yahya alivyotaka kuoa binti wa Al Hamra, na barua ya posa ilikuwa haijapelekwa. Nimetafsiri maisha ya kijana yule mpaka namjua kuliko baadhi ya binamu zangu.

Jenerali hakuuliza tena lile swali lake. Lakini kila tulipoaga alikawia kidogo pale mlangoni. Bibi Zuwena husema, "Haya, salama." Yeye hunitazama. Mimi humwambia kuwa anamtakia safari njema. Yeye hutikisa kichwa, tukashuka. Hata nilipokuwa nimechoka naye, kwani jenerali huchosha, pale mlangoni nilimhurumia. Watu walimpigia saluti mji mzima, na kulikuwa na nyumba moja ambayo hesabu yake ilikuwa bado wazi.

Hatimaye ukafika wakati wake wa kuondoka kabisa. Walimfanyia karamu kubwa Nizwa, hotuba juu ya hotuba. Walisifu ushujaa wake, nidhamu yake, na hasa, Mungu awasamehe, kujali kwake wakati. Nilitafsiri vyote. Asubuhi yake tukapanda kando ya falaji.

Bibi Zuwena alikuwa ameshazeeka sana. Mlango ule ulikuwa wazi wote siku hizo, yeye ameketi kwenye kiti kizingitini, shela yake nyeupe, anaona kwa jicho moja. Jenerali alikataa kuketi. Alisimama mbele yake akasema, na mimi nikasema: "Siku ile uliniambia nisiwe na haraka. Sikuwa na haraka. Sasa naondoka nchi hii, na sijui kama nitarudi. Nimekuja kuuliza mara moja zaidi, na ukinijibu hapana nitaondoka nayo."

Bibi alimtazama kwa jicho lake lile moja, kisha akanigeukia mimi kama mtu aliyesikia jambo la kushangaza.

"Masikini wa Mungu," akasema. "Kwani hajui? Mimi nilimsamehe siku ileile, kabla hajafika kwenye gari."

Mkalimani hana swali lake mwenyewe. Nilishika kanuni hiyo tangu Sur. Lakini pale nilishindwa, nikamwuliza kabla sijatafsiri: "Bibi, na kwa nini hukumwambia miaka yote hii?"

"Ningemwambia, angekuja tena?" Akarekebisha shela. "Watu wa hapa wema, mwanangu. Baada ya mwaka hawakumtaja tena Yahya mbele yangu, wananihurumia. Baba yake alikuwa hawezi kulitamka jina. Huyu peke yake, kila akija, lazima Yahya atajwe. Nikasema moyoni, mwache aje."

Nikageuka kwa jenerali. Niliyasema yote kwa Kiingereza kama alivyoyasema, "mimi" yake ikawa "mimi" yangu, tangu "nilimsamehe siku ileile" mpaka "mwache aje". Sauti yangu haikuwa imara, na ninamshukuru Mungu kuwa Maalim Khalfan hakuwepo kunisikia.

Jenerali alishika nguzo ya mlango. Kijana wake wa kufungua milango akageuka kutazama mitende. Kisha akaniomba nimwulize bibi kama anaweza kuja tena siku nyingine, sasa ambapo hana analodaiwa.

"Aje," akasema Bibi Zuwena. "Na sasa aje kama jamaa. Lakini mwambie asituletee tena zile biskuti za bati. Hapana mtu hapa anayezila."

Alikuja tena, mzee mwenzangu, kwa pesa zake mwenyewe na bila bendera, majira ya baridi mawili. Mara zote mbili waliketi wakazungumza juu ya Yahya mpaka adhuhuri, na mara ya pili alijitahidi kwa Kiarabu chake mwenyewe, nami nikaketi pembeni nikala ndizi.

Namshukuru Mungu kuwa alinipa kazi iliyoniweka katikati ya watu kama hawa, nusu hatua nyuma yao. Ewe uliyesoma mpaka hapa, kijana wangu au mgeni wangu, Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi wa haki, akupe mtu wa kukutamkisha shahada saa yako itakapofika, akusamehe wewe na wazazi wako, na amrehemu Yahya bin Zahran pamoja na wote wanaotajwa na wasiotajwa tena na mtu. Amin.